Utaishi Wewe?

Muuzaji wa Mtaa wa Livingstone
ana kalamu sikioni na kikokotoo cha njano.
Hakuuliza chumba kina futi ngapi,
hakuuliza dirisha linatazama wapi.
Aliuliza moja tu:
"Utaishi wewe, mama, au wapangaji?"

Nikasema, wapangaji.

"Basi chukua hii." Akaligonga boksi kwa ncha ya kiatu.
"Laki sita na nusu. Baridi ni baridi."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo:
"Luku si wananunua wenyewe?"

Ile nyingine ilikaa rafu ya juu, imevikwa nailoni.
Inveta. Milioni moja na laki mbili.
Hiyo, alisema, inanong'ona tu, haili umeme ovyo.
Tofauti nikaipiga kichwani:
kodi ya miezi miwili na siku sita.

Duka zima la viyoyozi
lilikuwa na feni moja,
na ilimtazama yeye.

Chumba chenyewe kiko Tabata, uani,
ukuta wake unapigwa jua kuanzia saa nane
mpaka jua litakapochoka lenyewe.
Nilikijenga kwa kiinua mgongo.
Fundi alisema dirisha kubwa ni hasara ya nondo,
nikamsikiliza. Ndiyo, nilimsikiliza.

Humo analala Tupokigwe, muuguzi wa zamu ya usiku.
Analala watu wakikaanga, wakipigilia, wakitwanga,
analala bati likilia *ta, ta* kwa joto juu yake.
Hajaniomba kiyoyozi.
Aliomba ruhusa ya misumari miwili
atundike kanga mbichi dirishani.

Nikamuuliza: misumari ya inchi ngapi?

Jamani, mimi.
Mimi niliyepanga Buguruni miaka kumi na mmoja
kwa Mzee Mkwizu, aliyekuwa akipita saa tatu usiku
kupapasa pasi zetu kama mganga,
kujua ipi imewashwa leo.
Niliapa pale, kwenye korido ile, nikipata changu sitakuwa yeye.
Lakini kiapo cha mpangaji hakina shahidi.

Wiki iliyopita alikwenda kwao Tukuyu, msibani,
akaniachia ufunguo kwa ajili ya bomba linalovuja.
Bomba nililikaza kwa dakika tano.
Halafu nikavua viatu, nikajilaza sakafuni, saa tisa kasoro.
Pangaboi lilizunguka kwa bidii,
likagawa joto kwa haki, kona zote nne.
Nilikaa dakika ishirini na tatu.
Nilitoka nikiwa nimeacha umbo langu kwa jasho kwenye saruji,
mtu mzima, amelala kifudifudi.

Leo nimerudi Kariakoo.
"Mama! Tufunge ile ya wapangaji?"
Nikamwambia: futi kumi kwa kumi na mbili.
Dirisha dogo, la magharibi. Bati liko karibu.
Anayelala humo analala mchana.
Akaishusha kalamu kutoka sikioni kwa mara ya kwanza.
"Mchana? Basi elfu tisa haitaweza. Weka elfu kumi na mbili."
Na bei nayo ikapanda ngazi.

Sijawa malaika.
Nilivutana naye laki moja mpaka akaapa kwa marehemu bibi yake,
nikaondoka na elfu arobaini na mabano ya bure.

Fundi Chande yuko ukutani sasa, anatoboa pole pole,
nimemsihi apumzishe kila akisikia kitanda kinalia ndani.
Ameuliza maji ya bomba yadondokee wapi.
Nimeweka ndoo. Yatafaa kwa pasi.

Imebaki kodi.
Januari nitaongeza elfu ishirini.
Au kumi na tano.
Nitamwambia akishaamka.